Ukumbi Mmoja wa Vioo: Mughal-e-Azam ya 1960 na Ile Iliyotiwa Rangi

Diski niliyoinunua katika duka moja la mjini Unguja ilikuwa na jalada la picha nyeusi na nyeupe, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii ndiyo Mughal-e-Azam asili, iliyotoka mwaka 1960. Nilimnunulia mama, ambaye aliiona kwa mara ya kwanza akiwa msichana, katika zama ambazo mji huu ulikuwa na majumba yake ya sinema, na watu walitoa nguo zao nzuri kabatini ili kwenda kutazama picha la Kihindi Jumapili usiku. Ilipoanza, ramani ya India ilichomoza kwenye skrini ikiwa na rangi, sauti nzito ikajitambulisha kuwa ni nchi yenyewe inayosimulia, na mama akaweka kikombe chake cha chai juu ya meza. "Hii siyo," alisema. "Ile yetu haikuwa hivi."

Alisema kweli. Tulichouziwa ni toleo lililotiwa rangi kwa kompyuta na kurudishwa katika majumba ya sinema Novemba 2004, likiwa limewekwa ndani ya jalada la toleo jingine. Tulilitazama mpaka mwisho, kwa kuwa wajukuu walikuwa wamekwisha kaa, na juma lililofuata muuzaji alinibadilishia diski bila ya mabishano. Kosa hilo lilinipa nafasi ambayo nisingeitafuta mwenyewe: kuitazama filamu moja mara mbili ndani ya siku nane, mara ya kwanza kama watu wa zama hizi walivyodhani ilistahiki kuwa, na mara ya pili kama ilivyotengenezwa. Kwa miaka mingi nimesikia ikisemwa kwamba mapenzi ya wazee kwa filamu za zamani ni mapenzi ya ujana wao tu, kwamba wanachokililia ni viti vya sinema na harufu ya njugu za kukaanga, wala siyo filamu zenyewe. Mimi sikuwahi kukaa kwenye viti hivyo, na baada ya siku hizo nane siwezi tena kulikubali neno hilo.

Kwa asiyekijua, kisa hakina utata. Mfalme Akbar wa dola ya Mughal anatembea miguu mitupu juu ya mchanga wa moto kwenda kuomba dua, naye anajaaliwa mtoto wa kiume, Salim. Mtoto anadekezwa hata anaharibika, anapelekwa vitani akiwa mdogo ili akomae, anarudi kijana na shujaa, kisha anampenda mtumishi wa kasri anayecheza ngoma, ambaye Akbar mwenyewe ndiye aliyempa jina la Anarkali, yaani ua la mkomamanga. Baba anakataa, mwana anaasi, na majeshi mawili yanasimama uwanjani kwa ajili ya watu wawili waliopendana. Hakuna ushahidi wa kutosha katika historia kwamba Anarkali aliishi kweli; kisa hiki kinafuata mchezo wa kuigiza wa Kiurdu ulioandikwa na Imtiaz Ali Taj mwaka 1922. Prithviraj Kapoor ni Akbar, Dilip Kumar ni Salim, Madhubala ni Anarkali, na Durga Khote ni Malkia Jodha, mama aliyebanwa kati ya mume na mwana.

Mwongozaji wake, K. Asif, alianza kuifikiria mwaka 1944 na kuanza kuipiga mwaka 1946 akiwa na waigizaji wengine kabisa. India ilipogawanywa mwaka 1947, mfadhili wake alihamia Pakistan. Miaka miwili baadaye mwigizaji aliyekuwa acheze Akbar akafariki. Mwingine angeuacha mradi. Asif alianza upya katika miaka ya 1950 kwa fedha za Shapoorji Pallonji, mkandarasi wa majengo ambaye hakuwa mtu wa sinema hata kidogo lakini alimpenda Akbar wa historia. (Kampuni yake ndiyo iliyokuja kujenga kasri ya Sultani wa Oman huko Maskati katika miaka ya 1970, na wasomaji wenye jamaa Maskati huenda wamepita mbele ya kazi hiyo mara nyingi bila kujua kwamba fedha za mjenzi huyo huyo ndizo zilizolipia filamu waliyoililia.) Filamu ilifunguliwa tarehe 5 Agosti 1960 katika sinema ya Maratha Mandir mjini Bombay, na watu walikesha kwenye foleni ya tiketi huku wakiletewa chakula kutoka majumbani.

Nataja miaka hiyo kwa sababu inaonekana ndani ya kazi. Mavazi yalishonwa na mafundi kutoka Delhi, vito vilifanywa na masonara wa Hyderabad, mataji yalitoka Kolhapur, silaha zilifuliwa na wahunzi wa Rajasthan, na viatu vilitengenezwa Agra. Mtazamaji hahitaji kuambiwa hayo ili ayahisi. Malkia Jodha anapogeuka, uzito wa alichokivaa unaonekana katika namna bega linavyotangulia na nguo kufuata. Madhubala anapofungwa minyororo gerezani, minyororo ile ni ya chuma halisi, naye wakati huo alikuwa tayari mgonjwa wa moyo, ugonjwa uliomuua mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 36. Sisemi kwamba mwigizaji anapaswa kuumizwa ili sisi tufurahi, na kila nikifikiria jambo hilo moyo unaniuma. Nasema tu kwamba mikono yake inashuka kama mikono inayovutwa na chuma, na hakuna uigizaji unaoweza kukopa mshuko huo.

Lakini nguvu ya filamu hii haiko katika gharama. Filamu nyingi za leo ni ghali kuliko hii na husahaulika kabla ya mwezi kuandama. Nguvu yake iko katika ujasiri wa kumngojesha mtazamaji, na mfano mzuri ni onyesho la sanamu. Mchongaji amemwahidi mfalme sanamu ambayo mbele yake askari ataweka upanga chini, na mfalme ataweka taji, na mtu wa kawaida ataweka moyo wake. Kazi haikukamilika kwa wakati, na kwa siri anamsimamisha msichana mahali pa jiwe, amepakwa rangi nyeupe, nyuma ya pazia la ushanga. Salim hangoji pazia lifunuliwe, anavuta upinde. Mshale unapita, shanga zinamwagika sakafuni, na msichana hatikisiki. Kamera inakaa pale. Hakuna muziki wa kutuambia tuogope wala picha ya haraka ya jicho la huyu na mdomo wa yule. Ni uso mweupe tu uliotulia, na sisi tunautafuta mpaka tunapoona kwamba macho yale ni ya mtu hai. Mama alikuwa amekwisha kuiona sehemu hiyo mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na bado mkono wake ulishika ukingo wa kanga.

Onyesho la unyoya ni la namna hiyo hiyo, na ndilo ninaloliona kuwa bora kuliko yote katika filamu za mapenzi nilizopata kuzitazama. Usiku, chini ya mti unaodondosha maua, Salim anaupitisha unyoya mweupe juu ya uso wa Anarkali, polepole, huku sauti ya Tansen, mwimbaji wa kasri, ikisikika kwa mbali. Hakuna busu, hakuna kukumbatiana, hakuna hata neno. Uso wa Madhubala unajaza skrini nzima, na juu yake unaona raha, hofu na kujisalimisha vikipishana kama vivuli vya mawingu juu ya maji. Sauti inayosikika ni ya Ustadh Bade Ghulam Ali Khan, bingwa wa muziki wa jadi wa India, ambaye hakutaka kuimbia filamu na akataja malipo ya rupia 25,000 kwa wimbo mmoja, akiamini kwamba atakataliwa. Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi, waliokuwa vinara wa zama hizo, walikuwa wakilipwa mamia tu. Asif alikubali pale pale. Tena inajulikana kwamba Dilip Kumar na Madhubala, waliowahi kupendana kweli, katika kipindi hicho walikuwa hawasemezani. Waliigiza mahaba hayo na kuondoka kila mtu na njia yake. Wanaotengeneza filamu za mapenzi leo, wakiwa na uhuru wa kuonyesha kila kitu, wakae walitazame onyesho hili na wajiulize ni nini hasa wamekipata kwa uhuru huo.

Kwa masikio ya mtu wa pwani kuna jambo jingine. Filamu imeandikwa kwa Kiurdu cha hali ya juu, na mama hakukisoma Kiurdu popote. Lakini Akbar anapotamka dunia, hukumu, insafu na mauti, maneno hayo yanamfikia bila ya mkalimani, yakiwa yamebadilishwa matamshi kidogo tu, kwa kuwa sisi na wao tumechota katika visima vimoja vya Kiarabu na Kiajemi. Halafu kuna lile shindano la qawwali, ambapo Anarkali na mpinzani wake Bahar wanajibizana kwa nyimbo mbele ya Salim juu ya mapenzi ni nini. Salim anaamua kwa kumpa Bahar ua na kumpa Anarkali miiba. Anarkali anaipokea na kujibu kwamba ni bahati yake, kwani miiba haina hofu ya kunyauka. Mtu aliyelelewa na taarabu hahitaji kufafanuliwa hapo. Hilo ni fumbo lililotupwa na kudakwa, ni majibizano ya ukumbini tunayoyajua sisi, na si ajabu kwamba waimbaji wetu, Juma Bhalo wa Mombasa akiwa mmoja wao, walizichukua tuni za filamu za Kihindi wakazitilia maneno ya Kiswahili na watu wakazipokea kama zao. Nyimbo za Naushad, mtunzi wa muziki wa filamu hii, kwa maneno ya mshairi Shakeel Badayuni, hazikuwekwa ili kumpumzisha mtazamaji. Kila wimbo unaanza katika hali moja na kumalizika katika hali nyingine, na ukiuruka hutajua kwa nini watu wanatazamana hivyo katika onyesho linalofuata.

Sasa nije kwenye ukumbi wa vioo.

Katika toleo asili, kwa muda mrefu, mtazamaji ameishi katika dunia ya nyeusi na nyeupe. Macho yamezoea; yamekwisha sahau kwamba kuna kitu kinachokosekana. Anarkali ametoka gerezani na ametakiwa kucheza mbele ya baraza huku akimkana Salim, na ghafla skrini inafunguka kwa rangi. Nyekundu, dhahabu, kijani cha vioo, vyote vinakuja kwa pamoja. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi na tano, ambaye kwa zaidi ya saa moja alikuwa ameinamia simu yake, aliinua kichwa na kuuliza, "Bibi, nani kaibadilisha?" Mama alimjibu, "Hakuna aliyebadilisha, mjukuu wangu. Kaa utazame." Simu ilibaki juu ya mkeka mpaka wimbo ulipokwisha, na hata baada yake.

Ukumbi huo ulijengwa kwa kufuata Sheesh Mahal, yaani kasri ya vioo, ya Lahore, urefu wa futi 150, upana wa futi 80 na kimo cha futi 35, kwa vioo vya rangi vilivyotoka Ubelgiji na kupangwa na mafundi wa Firozabad, na ujenzi wake ulichukua miaka miwili. Ulipokamilika ikaonekana haupigiki picha, kwa sababu kila taa iliyowashwa ilirudi kwenye kamera kwa mng'aro wa maelfu ya vioo. Walijaribu kuvipaka vioo nta, na mpiga picha R. D. Mathur akatumia vitambaa vilivyotegeshwa mahali maalumu ili mwanga ugonge pale kwanza na kurudi ukiwa umelainika. Maneno ya wimbo nayo, inasimuliwa, Shakeel aliyaandika na kuyaandika upya zaidi ya mara mia moja mpaka Naushad aliporidhika. Na yote hayo yalikuwa kwa ajili ya kitambo kifupi kimoja tu. Anarkali anaimba kwamba aliyependa hana cha kuogopa, kwamba asiye na pazia mbele ya Mungu hana haja ya pazia mbele ya waja, kwamba mapenzi haya hayafichiki kwa kuwa yanaonekana pande zote. Akbar anainua macho, na dari nzima imejaa Anarkali. Mamia ya wanawake wadogo wanazunguka juu ya kichwa cha mfalme, kila kioo kina wake. Anayeweza kuamuru watu laki wafe hawezi kuamuru kioo kimoja kisimwonyeshe.

Maana ya onyesho hilo imo ndani ya rangi yenyewe. Kasri ya Akbar ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, yaani dunia ya amri na utiifu, na msichana aliyetoka gerezani ndiye aliyeingia na rangi. Katika toleo la 2004 maana hiyo imepotea yote, kwa sababu ndogo tu: kila kitu kilikuwa na rangi tangu dakika ya kwanza. Usiku wa kwanza, tulipotazama toleo hilo, wimbo ulikuja na kupita, ukiwa mzuri kama nyimbo nyingine zilizotangulia, na mpwa wangu hakuinua kichwa.

Wapo wanaolitetea toleo la rangi kwa hoja yenye uzito, na nitaieleza kwa haki. Asif hakuchagua nyeusi na nyeupe kwa kupenda. Filamu ya rangi ilikuwa ghali mno India ya miaka ya 1950, na yeye alipoona jinsi wimbo huo ulivyotoka, alipiga kwa rangi sehemu nyingine tatu za kuelekea mwisho wa kisa, kisha akataka kuirudia filamu yote upya. Waliokuwa wakiisubiri hawakuwa tayari kungoja tena. Kwa hiyo, wanasema, kuitia rangi filamu nzima ni kumtimizia marehemu alichokitamani. Mimi naona alichokitamani ni kuirudia kazi, pamoja na taa zake, vitambaa vyake na nyuso zake, akijua kwamba anapiga kwa rangi. Hilo halikufanyika wala haliwezi kufanyika. Picha zilizopangwa kwa ajili ya kivuli na mwanga haziwi za rangi kwa kupakwa rangi. Mathur alimwangaza Madhubala chini ya mti ule kwa namna ambayo uso wake unatokea gizani kama mwezi. Kompyuta imeupa uso huo rangi ya ngozi isiyobadilika kuanzia paji la uso hadi kidevu, na giza lililouzunguka limegeuka kuwa bustani tu.

Kazi iliyofanywa si ya kudharauliwa. Dakika 197 kwa picha 24 kila sekunde ni picha zaidi ya 280,000, na kuzisafisha na kuzipaka rangi ni jambo la subira kubwa. Hii ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kihindi kufanyiwa hivyo ili irudi kwenye majumba ya sinema. Mikwaruzo imeondolewa. Sauti, kwa kweli, ni bora kuliko ya asili, kwa kuwa muziki wa nyuma ulirekodiwa upya Naushad mwenyewe akiwa hai na akishiriki, na katika vita utasikia ngoma zikikuzunguka. Lakini walikata takriban dakika ishirini, na katika filamu inayoishi kwa kungojesha, dakika ishirini si kitu kidogo. Mama aliuliza mara mbili, "Mbona wamefika huku?" Alikuwa anazitafuta hatua za kati zilizotolewa.

Nilitaka pia kujua kama kasoro ni ya kompyuta tu au ni ya zama, ndiyo maana kati ya tazamo hizo mbili niliirudia Bajirao Mastani ya mwaka 2015, ambayo mwongozaji wake, Sanjay Leela Bhansali, hajapata kuficha mapenzi yake kwa kazi ya Asif. Ndani yake kuna ukumbi wa vioo, na mwanamke aliyevaa dhahabu anaimba mbele ya watu wenye nguvu kwamba anapenda na hataficha. Ni kazi ya fundi, na sauti ya Shreya Ghoshal katika wimbo ule ni neema. Deepika Padukone anacheza kwa utulivu na heshima inayomfaa. Hata hivyo kila nilipotaka kutua juu ya uso wake, kamera ilikuwa imekwisha ondoka, imepaa darini, imezunguka nguzo, imerudi kwenye kiganja. Taa ziko kila pembe. Ukumbi ni mzuri, lakini chumba cha kabla yake kilikuwa kizuri vile vile, na uwanja wa kabla ya chumba, na mtu aliyekwisha shiba hawezi kuonjeshwa. Kwa kamera za leo mwongozaji anaweza kupiga onyesho moja mara arobaini kwa pembe arobaini bila kuharibu mita hata moja ya filamu, kisha akaona uchungu kuziacha, akazitia zote. Asif alikuwa na pembe chache na ilimlazimu aamue kabla ni ipi itakayobeba neno lake. Uamuzi huo ndio tunaouona tunapokaa na uso mmoja kwa muda mrefu hata tukaanza kuusoma.

Sisemi kwamba filamu ya 1960 haina dosari. Vita vyake, pamoja na ngamia 2,000, farasi 400 na askari 8,000, baadhi yao wakiwa wa jeshi la India lenyewe, vinachosha kidogo, na pale wanapotumia vifano vidogo vya majengo jicho la leo linavitambua mara moja. Prithviraj Kapoor ananguruma mahali ambapo kunong'ona kungetosha, kwa kuwa alitoka kwenye jukwaa la maigizo na sauti yake bado inamtafuta mtu wa kiti cha nyuma kabisa. Bahar, mpinzani, ni mwovu mno, bila ya dakika moja ya kueleweka. Na vijana waliozoea kauli yetu ya kwamba steling hashindwi wajiandae, kwa maana hapa baba si adui wala mwana si mshindi, na jinsi pete ndogo iliyotolewa mwanzoni mwa filamu inavyorudi mwishoni kudai ahadi yake ni jambo ambalo sitalieleza, ili asiyeiona alikute mwenyewe.

Kuna jambo la Durga Khote ambalo silioni likitajwa mara kwa mara. Kabla ya vita, Jodha anatakiwa kuchagua kati ya kuwa mke na kuwa mama. Katika toleo la rangi niliona vito vyake, zumaridi na rubi, vikiwaka. Katika toleo asili vito ni alama za kijivu tu, na kwa hiyo nilimwona yeye: mdomo unaoanza kusema na kukataa, mkono unaokwenda kwenye alama ya ndoa iliyo kichwani na kusita. Mama alinyamaza muda mrefu baada ya sehemu hiyo. Kisha akasema kwamba alipoiona akiwa msichana, yeye na wenzake walimlilia Anarkali, na kwamba sasa anamlilia huyu.

Kwa atakayetaka kununua, toleo asili la nyeusi na nyeupe ndilo ninalolipendekeza bila ya kusita, na la rangi linamfaa tu yule anayetaka kuusikia muziki wa Naushad ukiwa safi. Atafute diski yenye maandishi ya tafsiri chini ya skrini, na asiitazame kwenye simu, kwa sababu zile Anarkali za darini zitakuwa nukta. Atenge usiku mzima, ale mapema, na asimamishe filamu katikati kama ilivyokuwa ada ya sinema ili watu wanyooshe miguu na chai ipashwe moto. Majalada yanadanganya, kama yalivyonidanganya mimi, kwa hiyo kabla ya kulipa augeuze mkebe na kusoma muda: dakika 197 ni asili, 177 ni iliyotiwa rangi. Muda usipoandikwa, amwombe muuzaji aiweke diski kwenye mashine pale pale dukani. Ramani ya India ikichomoza na rangi, airudishe.